Mwenye jumba la kale apewe njia ya kulitunza

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie mjadala unaozuka kila mara linapotajwa suala la kuujenga upya mji wa kati wa Mombasa. Tumezoea kugawanyika makundi mawili: wanaotaka majengo mapya ya ghorofa nyingi, na wanaotaka kila ukuta wa mawe na chokaa uachwe ulivyo. Mimi ni mkazi wa Kibokoni na mmoja wa warithi wa nyumba ya kale, kwa hivyo nina maslahi katika pande zote mbili, na ninaamini kwamba ugomvi huo unatupotezea wakati. Jumba la kale haliangamii siku tingatinga linapofika. Linakuwa limeshaangamia miaka mingi kabla ya hapo, pale mwenyewe alipokatazwa kulibomoa na asielezwe fedha za kulitengeneza zitatoka wapi.

Sheria za kuhifadhi tunazo. Mji wa Kale uliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1990, Ngome ya Yesu ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo katika Gazeti Rasmi la Serikali ili lilindwe. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia serikali ya taifa majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na kuzipa kaunti kazi ya kupanga miji na maendeleo yake. Maana yake ni kwamba anayeidhinisha ramani ya ghorofa mpya na anayelinda jumba lililo ubavuni mwake wako katika ofisi mbili zisizo na bosi mmoja, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyopewa jukumu la kumsaidia mwenye jumba kulipa mafundi. Sheria imetaja kwa kirefu yaliyokatazwa. Kuhusu gharama, mwenye nyumba ameachwa peke yake.

Jambo hili halihusu vichochoro vya Mji wa Kale pekee. Ukitoka Ngomeni ukashika barabara ya Nkrumah, ukapita Treasury Square, ukaingia barabara ya Moi au ukakata kwenda Marikiti kwenye lile soko la mwaka 1914, unapita katika mji wa biashara uliokua baada ya reli ya Uganda kuanza kujengwa kutoka hapa Mombasa mwaka 1896. Ni mji wa maduka yenye makazi juu, roshani zinazompa kivuli mpita njia, na majumba ya wafanyabiashara waliokuja na majahazi kutoka Bara Hindi na Ghuba. Sehemu kubwa ya mji huo iko nje ya mpaka wa hifadhi ya Mji wa Kale, na ndiko bei ya kiwanja inakopanda kwa kasi. Anayejali historia ya Mombasa akitazama Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, peke yake atashtuka siku moja kukuta nusu ya historia hiyo imeondoka upande wa pili wa barabara ya Digo.

Nakubali pia kwamba mji una haja ya kujengwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti yetu, na kisiwa hakiongezeki. Vijana wetu wanaooa leo wanapanga vyumba ng'ambo na kuvuka kila asubuhi, kwa kuwa kisiwani hakuna nyumba wanayoweza kuilipia. Mabomba ya maji na maji taka katikati ya mji ni ya zama nyingine. Wala sidai kwamba kila kilichozeeka ni urithi: mtaa wa Buxton, uliobomolewa ili kupisha fleti, ulikuwa na malalamiko ya haki kuhusu wapangaji wake, lakini hoja ya usanifu haikuwa na uzito mkubwa pale. Mwenye kutetea kila kitu kwa sauti moja hatasikilizwa siku atakapotetea kile ambacho hakina mfano.

Ili msomaji aelewe kwa nini nasema jumba hufa kabla ya kubomolewa, ni lazima nieleze namna lilivyojengwa. Kuta za nyumba zetu za kale ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, na unene wake mara nyingi hufika nusu mita. Dari ni boriti za mikoko zilizolazwa karibu karibu, na juu yake vipande vya mawe na chokaa vilivyoshindiliwa mpaka vikashikana. Boriti ya mkoko yenye nguvu ya kubeba sakafu haipatikani kwa urefu mkubwa, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na boriti, ambao ni kama mita mbili na nusu hadi tatu. Ukuta wa namna hii hunywa maji. Huyanywa kutoka ardhini na kutoka kwa mvua ya masika, kisha huyatoa polepole kupitia chokaa jua linapowaka, na kwa mtindo huo umedumu karne na zaidi katika mji wenye joto, unyevu na hewa ya chumvi.

Sasa tazama tunavyoutengeneza. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, na tangu hapo saruji imekuwa karibu, imekuwa nafuu, na imezoeleka kwa kila fundi. Lipu ya chokaa inapobanduka, mwenye nyumba humwita fundi apige lipu ya saruji, na kwa mwaka mmoja au miwili ukuta hupendeza. Lakini ukuta huo sasa ni kama mtu aliyevalishwa nailoni juani. Maji yanayopanda kutoka ardhini hayana pa kutokea, kwa hivyo yanazidi kupanda. Chumvi iliyomo huganda ndani ya jiwe na kulimeng'enya kutoka katikati. Na ncha za boriti, zile zilizozikwa ukutani mahali ambapo jicho halifiki, huoza. Nje nyumba inaonekana nzima. Kisha msimu mmoja wa masika sakafu inashuka, watu wanakimbizwa hospitali, na magazeti yanaandika kwamba nyumba ya kale imeanguka kwa sababu ya uzee.

Hapa niseme neno juu ya rangi. Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na kupambwa kwa buluu. Mji ulipendeza, na sikuwa miongoni mwa waliolalamika, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mamlaka kuutazama mji wetu kama kitu kimoja chenye sura. Hata hivyo, rangi ya plastiki juu ya ukuta wa matumbawe hufanya kazi ileile ya saruji, yaani kuziba. Chokaa nyeupe ya kupaka, ambayo ndiyo iliyoupa mji huu weupe wake tangu zamani, ingetimiza agizo na kuuponya ukuta kwa wakati mmoja. Agizo la namna hiyo likitolewa tena, naomba kwanza waulizwe mafundi wa chokaa wachache waliobaki.

Nao kweli ni wachache, na kazi yao ni ghali kwa sababu zinazoeleweka. Chokaa hupigwa tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka lazima lingojewe likauke kabla ya kuongezwa jingine, wakati saruji humalizika kwa siku chache. Boriti hutegemea vibali vya misitu, na marufuku ya ukataji miti iliyotangazwa mwaka 2018 iligusa hata mikoko ya Lamu, ambako boriti nyingi za pwani hutoka. Mikoko ni mazalio ya samaki na kinga ya fukwe, kwa hivyo silalamikii ulinzi wake. Nasema tu kwamba serikali ileile inayomtaka mwenye nyumba atumie vifaa vya asili inapaswa kumwonyesha ni wapi atavipata kihalali.

Na mwenye nyumba huyo ni nani? Mara nyingi si mtu mmoja. Nyumba iliyoachwa na babu hugawanywa kwa mafungu ya mirathi, na baada ya vizazi viwili wenye haki wanaweza kuwa ishirini au thelathini, baadhi yao wako Mombasa, wengine Dubai, Maskati na London. Kodi ya duka la chini na vyumba viwili vya juu ikigawanywa baina yao, fungu la kila mmoja halitoshi hata nauli ya kuja kuiona nyumba. Katika familia yetu hatujafika mahakamani, Alhamdulillahi, lakini nimeona familia za jirani zilizofika. Mjenzi anapokuja na fedha taslimu kwa ajili ya kiwanja, anawapa warithi kitu cha kwanza kinachogawanyika kwa urahisi. Kuwalaumu kwamba wameuza urithi wa mji ni kuwadai wagharamie peke yao jambo ambalo sote tunalifurahia bure. Nyumba za wakfu zina shida nyingine: haziuziki, na hilo limezinusuru nyingi, lakini kodi ya wapangaji wa miaka mingi haifikii gharama ya paa moja.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kutangaza majengo mengi zaidi kuwa turathi. Nawaomba waitazame Zanzibar. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na ndani yake mlikuwa na Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, pengine jengo linalojulikana zaidi katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafariki. Hakuna jengo lililokuwa na hadhi kuipita hiyo, na hadhi haikulisimamisha. Kilichotakiwa ni matengenezo madogo, ya kila mwaka, yasiyongoja wafadhili.

Kwa hivyo pendekezo langu ni kwamba kaunti ya Mombasa imruhusu mwenye jumba la kale kuuza ghorofa ambazo angeweza kuzijenga lakini hatazijenga. Utaratibu huu upo duniani na si wa kubuni. Jijini New York, kubomolewa kwa stesheni kubwa ya reli ya Pennsylvania kuanzia mwaka 1963 kuliwaudhi wananchi kiasi kwamba sheria ya kulinda majengo ya kihistoria ilipitishwa mwaka 1965. Kampuni ya reli iliyomiliki stesheni ya Grand Central ilipoishtaki serikali ya jiji kwa kuizuia kujenga mnara juu yake, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1978 kwamba kizuizi hicho hakikuwa unyang'anyi, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba haki ya kujenga ingeweza kuhamishiwa viwanja vya jirani. Karibu zaidi na sisi, Mumbai imekuwa ikitumia haki za namna hii tangu miaka ya 1990, na Ahmedabad, mji wa Wagujarati ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017, unawaruhusu wenye nyumba za kale za mbao kuziuza haki zao kwa wajenzi wa sehemu nyingine za jiji na kutumia fedha hizo kutengeneza nyumba zao.

Tuchukue mfano wa kukisia. Kiwanja kilicho barabara ya Nkrumah kinaruhusiwa ghorofa sita, na juu yake lipo jumba la ghorofa mbili lenye sifa ya kuhifadhiwa. Ghorofa nne zilizobaki ni mali, ingawa hazipo, na kwa sasa njia pekee ya kuipata mali hiyo ni kulivunja jumba. Kaunti ikimpa mwenye jumba hati ya ghorofa hizo nne, ataweza kumuuzia mjenzi mwenye kiwanja mahali ambapo mji unataka kupanda juu, na mjenzi huyo ataongeza ghorofa nne kwenye jengo lake. Mji unapata nyumba zilezile ulizokuwa uzipate, mjenzi anapata faida yake, warithi wanapata kitu kinachogawanyika, na jumba linabaki likiwa na fedha za kulitengeneza. Fedha hizo zisikabidhiwe mkononi zote. Sehemu ya matengenezo iwekwe katika akaunti ya amana na itolewe kwa awamu, kila awamu baada ya mhandisi na mtaalamu wa majengo ya chokaa kuthibitisha kazi iliyokwisha fanyika, na masalio ndiyo yawaendee warithi.

Utaratibu huu una hatari zake, na kubwa kuliko zote ni hii: hati ya ghorofa itakuwa na bei ikiwa tu ghorofa za ziada hazipatikani kwa njia nyingine. Mjenzi anayeweza kuongeza ghorofa tatu usiku wa manane na kulipa faini asubuhi hana sababu ya kununua haki ya mtu. Kila mkazi wa kisiwa hiki ameona jengo lililotangulia kibali chake, na bila ya kikomo cha ghorofa kinachoheshimiwa pendekezo langu ni karatasi tupu. Vilevile viwanja vitakavyopokea ghorofa vichaguliwe mahali ambapo mabomba na barabara vinaweza kuzibeba, visiwe jirani na Ngome wala ukingoni mwa Bandari ya Kale, na daftari la hati zote liwe wazi kwa umma, ili ghorofa moja isije ikauzwa mara mbili.

Kuhusu nyumba za wakfu, naona mlango uliofunguka. Kinachouzwa hapa si nyumba wala ardhi, na jumba linabaki likitumikia lengo la aliyeliweka wakfu, likiwa katika hali njema zaidi. Iwapo haki ya kujenga katika hewa iliyo juu yake inaweza kuuzwa, na mapato yake kufungwa kwa ajili ya matengenezo peke yake, ni suala la kisheria na la kifiqhi ambalo mimi si mjuzi wa kulijibu. Tume ya Wakfu na Makadhi waulizwe mapema, kabla ya mswada kuandikwa, kwa kuwa sheria itakayowapita pembeni haitakubalika katika mitaa yetu hata kama ni nzuri.

Kuna suluhisho la nusu ambalo wajenzi hulipenda, la kuuacha ukuta wa mbele na kuvunja kila kilicho nyuma yake. Nalipinga. Katika nyumba ya pwani uso wa nje ndio sehemu ndogo zaidi ya jumba, maana hekima yake iko ndani: baraza linalompokea mgeni asiyeingia, ua unaovuta hewa, vyumba vinavyofuatana kutoka kwa wageni hadi kwa wenyeji. Ukuta wa mbele ulioegemezwa kwenye zege na nondo ni pambo la benki au hoteli. Labda unafaa kwa maduka machache ya mwanzoni mwa karne iliyopita ambayo ndani yake ni chumba kimoja kikubwa kisicho na sifa. Kwa majumba ya makazi haufai.

Jumba linalotumika hudumu, na mifano tunayo hapahapa. Ngome ya Yesu ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, kisha ikatengenezwa na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Leo hakuna anayeweza kufikiria Mombasa bila yake, ingawa wakati ule ilikuwa ngome chakavu iliyojaa vyumba vya wafungwa. Jengo la Mahakama ya Kale la mwaka 1902, lililo hatua chache kutoka hapo, lilibadilishiwa kazi likabaki. Hata hivyo si kila jumba liwe makumbusho au nyumba ya wageni wa kitalii. Mji wa Kale unahitaji zahanati, ofisi za mawakili, madrasa, karakana za mafundi, na juu ya yote familia zinazolala humo, kwa sababu paa linalovuja huonwa kwanza na anayelala chini yake.

Ninawaomba waheshimiwa wa bunge la kaunti yetu wafanye mambo mawili katika mwaka huu wa fedha, wala hayahitaji bajeti kubwa. Kwanza, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa, waamuru majengo ya katikati ya mji yaliyo nje ya mpaka wa hifadhi yaorodheshwe na kupangwa kwa daraja, ili mwenye kiwanja ajue kabla ya kuchukua mkopo ni jumba gani halivunjwi, lipi linabadilishwa na lipi liko huru. Pili, mswada wa kuhamisha haki ya ghorofa uandikwe na kusomwa kwa Kiswahili katika vikao vya wananchi, vikiwemo vya Kibokoni na Marikiti. Hadi hayo yatakapokamilika, ombi lolote la kuvunja jengo lenye kuta za matumbawe katika eneo hilo libandikwe mlangoni pa jengo lenyewe kwa siku 60, na ripoti ya mhandisi ikiwa pembeni yake, kabla ya kibali kutolewa.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Kibokoni,
Mombasa